Ripoti ya Mgongo Wangu Nimeishonea Ndani ya Kochi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila tafadhali usinipe pole, pole nimepewa humu ndani mpaka zimenikinaisha, na nikisikia moja zaidi nitamrushia mtu nyundo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, fundi wa makochi, mume wangu ni seremala, karakana yetu ni moja, yeye anatengeneza fremu na mimi navisha, yaani springi, sponji, kitambaa na vifungo ni kazi yangu, na tumekwenda hivyo miaka ishirini na sita bila kugombania hata bisibisi.

Sasa ni huu mgongo. Ulianza mwaka juzi, huku chini usawa wa kiuno, unakuja unaondoka, nikiinama kuvuta kitambaa hauniumi sana, lakini nikisimama wima au nikigeuka nyuma kuchukua mkasi, mama wee, kama mtu kanibana na koleo, nikavumilia, nikameza vidonge, nikakandwa na maji ya moto, mwisho daktari akasema picha za kawaida hazitoshi, nikafanye skani ya mifupa, nikaenda, wakanichoma dawa yenye mionzi mkononi, mkono wa kulia muuguzi akaukosa mshipa, dawa nyingine ikamwagikia chini ya ngozi pale kwenye kiwiko, wakahamia wa kushoto, nikaambiwa ninywe maji mengi na nikojoe, nikangoja saa tatu nzima, nikalazwa kwenye kitanda chembamba mashine ikanipitia polepole kuanzia kichwani mpaka miguuni, na baada ya siku mbili nikapewa bahasha yenye picha na karatasi ya maelezo, nimpelekee daktari Alhamisi ijayo.

Hapa ndipo pa kuungama. Bahasha niliifungulia karakana, nikasoma mistari miwili tu ya ile karatasi, inasema kuna ongezeko la dawa kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili za chini, na hilo neno ongezeko likanikata maini, na papo hapo nikamsikia mume wangu anakuja anapiga mluzi, na mimi sikutaka anikute nayo, mbele yangu kulikuwa na kochi la daktari wa meno, nimebakiza kufunga kiti cha katikati, basi nikaichomeka karatasi chini ya sponji, nikavuta kitambaa, nikapiga pini kuzunguka kote. Nikajiambia nitaifumua jioni. Kabla ya saa tisa kochi likaja kuchukuliwa. Ripoti yangu sasa wanaikalia watu wenye meno mabovu.

Picha lakini ilibaki, mume wangu akaiona, akampigia dada yake. Huyu wifi yangu aliwahi kukaa mapokezi ya hospitali miezi minane, basi ukoo mzima unamwita Dokta. Dokta akaja, akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, akaanza kutuonyesha kwa mpini wa kijiko, hapa kwenye uti wa mgongo pana madoa meusi, hapa kwenye kiwiko doa jingine, na huku chini ya kitovu lipo jeusi tii, kubwa kuliko yote. "Imeenea," akasema. "Imetoka mgongoni ikashuka tumboni, ikapanda mkononi. Mifupa imeungua." Binti yetu akaangua kilio. Mume wangu akakaa chini, sakafuni kabisa. Nikauliza, "Imeenea nini?" Wifi akanipigapiga begani, "Wifi yangu, mambo mengine mgonjwa haambiwi." Mgonjwa! Nami nimesimama pale na sindano ya kushonea vifungo mkononi.

Tangu siku hiyo mimi si mtu tena. Chumba changu cha kushonea kimefungwa kufuli, ufunguo mume wangu kauvaa shingoni kwa kamba, wateja wangu wameambiwa tunauza fremu tupu, chakula naletewa kitandani, na ndugu wanaokuja kuniona wanaambizana sebuleni kwamba nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa! Masikio yangu hayana doa, nasikia. Na Alhamisi mume wangu na Dokta wataipeleka picha kwa daktari wao wawili, mimi nibaki nyumbani nisije nikashtuka.

Juzi nikasema potelea mbali. Nikachukua bisibisi, nikafungua bawaba, mlango wenyewe wa plaiwudi, nikauegemeza ukutani na kufuli lake linaning'inia, nikaingia nikavisha viti viwili. Mume wangu akaja, akautazama mlango, akanitazama mimi, akasema, "Unataka kunifia?" Nikamjibu, "Nataka pini za nusu inchi, hizi zimeniishia." Toka hapo hatusemeshani. Jana kaugeuza mlango, sasa bawaba ziko kwa ndani.

Mshauri, sikuulizi kama niache kazi, maana siachi. Nauliza nichukue cherehani yangu nikapange chumba kwingine, au nibaki nipambane humu humu? Na lingine nakuuliza wewe kwa sababu hunijui sura, mtu mwenye madoa meusi mgongoni, mkononi na tumboni, huwa ana miaka mbele yake?

Ni mimi, Mvisha Makochi.

*

Mvisha Makochi, pole sikupi, umeikataa mwenyewe. Nakupa makavu.

Mwanamke anayeng'oa mlango mzima akauegemeza ukutani, kumbe karatasi moja imemshinda! Unalalamika kwamba familia inakuficha habari za mwili wako, na aliyeanza kuzificha ni wewe, tena ukazipigia pini. Ungesoma mpaka mstari wa mwisho, Dokta wenu angekosa cha kuhubiri pale dirishani. Na ule mlango, hata kama ni plaiwudi, hukupaswa kuubeba na mgongo huo. Nimecheka, lakini usirudie.

Mimi si daktari, na mapokezi sijakaa hata siku nane. Kwa hiyo barua yako nimeipeleka kwa bwana mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma skani za mifupa. La kwanza alilosema ni kwamba picha yako hajaiona, na picha asiyoiona haitolei hukumu. Nikampenda hapo hapo.

Akanieleza hivi. Ile dawa hukimbilia mfupa ulio kwenye shughuli, unaojijenga au kujikarabati kuliko wenzake, na kwenye picha pale panatoka peusi. Hakuna kilichoungua. Sasa nyuma ya kila pingili kuna viungo vidogo, kulia na kushoto, ndivyo vinavyokuwezesha kujinyoosha na kugeuka. Vikichakaa, ile hali watu wanayoiita kusagika, mfupa wa pale unakuwa kwenye matengenezo yasiyokwisha, na dawa inajaa. Nikamuuliza kuhusu maumivu yako ya kusimama wima na kugeukia mkasi. Akasema yanafanana na ya viungo hivyo. Alisema yanafanana tu, zaidi ya hapo hakwenda.

Nilipofika kwenye kiwiko akavua miwani akacheka. "Si ameandika mwenyewe kwamba walimkosa mshipa?" Dawa iliyomwagika chini ya ngozi inaonekana pale pale ilipomwagikia, mama. Hilo doa ni la sindano. Na lile kubwa la chini ya kitovu, jeusi tii? Dawa hutoka na mkojo, ndiyo maana ukanyweshwa maji. Pale pana kibofu. Wifi yako amewaliza watu kwa sababu ya mkojo.

Lakini usianze kupiga vigelegele. Yule bwana amenionya, nami nakuonya. Skani inaonyesha mahali, sababu haisemi kila mara. Mfupa wenye ufa unaweza kuwa mweusi, wenye uambukizo vilevile, na wenye saratani pia, sikufichi. Wanaozisoma wanatazama umbo la doa na mahali lilipokaa, wanalinganisha na picha zako nyingine, kisha daktari anakubonyeza mgongoni kwa vidole vyake. Ndiyo sababu chini ya ile karatasi huwa kuna hitimisho, mahali ambapo macho yako hayakufika. Umeniuliza kama una miaka mbele yako. Doa la mkono na la tumbo yafute kwenye hesabu ya hofu. La mgongo lina jibu lake, limeshaandikwa, na kuna mtu amelikalia sasa hivi anangoja kung'olewa gego.

Sasa sikiliza, na ufanye. Kesho asubuhi nenda pale ulipofanyiwa skani, na kadi yako mkononi. Nakala ya ripoti wanayo, waombe. Usiifungulie njiani wala karakana. Kaa kwenye benchi lao uisome hadi mwisho, na usipoelewa neno, muulize mmoja wao kabla hujanyanyuka. Ukitoka hapo pita kwa daktari wa meno, umweleze ukweli, umfumulie kiti chake utoe karatasi yako, ukifunge upya vizuri. Ataona ajabu, ndiyo, lakini ataona ajabu zaidi akiikuta mwenyewe.

Alhamisi unaingia kwa daktari wewe, kwa miguu yako. Mumeo aingie nawe akae pembeni asikilize, maana naye anahitaji kusikia kwa mdomo wa anayejua. Dokta abaki mapokezi, pale alishapazoea. Na usikubali kuambiwa ni mgongo tu, ndiyo umri huo. Muulize daktari ni viungo vya pingili ipi, na kama upande uliowaka kwenye picha ndio upande unaokuuma, kwa sababu doa linaweza kuwa kulia na maumivu yakawa kushoto, na hilo lazima alijue. Muulize kama kuna kitu kingine kwenye picha kinachotaka kipimo zaidi. Ikiwa ni viungo kweli, zipo dawa, yapo mazoezi ya kuukaza mgongo, na wengine huchomwa sindano pale pale kwenye kiungo, na kwa hilo skani humsaidia daktari kujua pa kulenga. Kisha mwonyeshe kazi yako. Simama mbele yake uvute kitambaa cha hewani, ugeukie mkasi, akuone unapokunja uso. Mkasi wenyewe kuanzia leo ukae mbele yako, meza ipandishwe kidogo, na kochi la watu watatu usilinyanyue tena, hata wakikusifia.

Lakini miguu ikianza kulegea, au ganzi ikashika katikati ya mapaja, au mkojo ukakutoka au ukagoma, Alhamisi usiingoje. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu kuhama, kwa sasa hapana. Mumeo amekukosea na simtetei. Kumfungia fundi chumba chake cha kazi ni kumdhalilisha, na kumsemea kwa daktari mtu mwenye mdomo kama wako ni kichekesho. Ila paliponiuma kidogo ni pale ulipoandika kwamba alikaa sakafuni. Mtu huyo alisikia unakufa, akaanza kukufungia milango kwa sababu milango ndiyo anayoiweza. Mwambie usoni kwamba kazi utaiacha siku daktari atakaposema, na hata siku hiyo utaanza kwa kubishana naye. Ikifika Ijumaa ufunguo bado uko shingoni kwake, hapo chukua cherehani yako uende, na mimi nitakuja kuishika upande mmoja, maana wewe kubeba umekatazwa.

Na wewe, seremala. Karakana iliyogeuzwa mlango wiki hii ili mvisha makochi asiingie ni moja tu, kwa hiyo ukinisoma umeshajijua. Umewajibu wateja wake, umempangia kitanda, umejiandaa kumsemea kwa daktari. Barua ya mkeo nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipomuuliza anaumia wapi, na sikupaona. Weka gazeti chini, vua huo ufunguo, umpelekee mkononi, halafu kaa naye umuulize.