Mkufu Uliokatika Kwenye Ngazi ya Umeme

Mjukuu wangu Naserian,

Huku Takoma Park tuko wazima, na nyanya yako mdogo anakusalimia sana. Unaniuliza kama huku Marekani niliwahi kuvaa shanga zetu za Kimaasai, maana wenzako wa bweni wanakucheka ukizivaa. Nilivaa! Mwaka niliofika, Jumapili moja, nilivaa mkufu wa kifuani aliotunga mama yangu. Kwenye ngazi ya umeme ya kituo cha treni, uzi ukakatika. Naapa, watu mia tatu walipiga magoti kuniokotea shanga, hata polisi!

Nikazitunga mwenyewe, maana mimi nashindwa na nini? Jumapili iliyofuata, Mama Nashipae, muuguzi wa kwetu Narok, akanitazama kifuani pale kanisani.

"Shemeji, umekuwa Mtanzania tangu lini?"

"Mimi? Wa Narok kabisa!"

"Shanga zako zinakukana. Rangi umezipanga kama Wamaasai wa ng'ambo ya mpaka."

Majivuno yakaniisha. Wazungu wasingejua, lakini mama yangu angejua. Nikaenda kukaa jikoni kwa Mama Nashipae, mwanamume mzima na sindano, nikafumua na kutunga mara nne, mpaka akasema, "Haya, sasa unatoka kwetu Narok."

Siku niliyouvaa tena nilitembea polepole makusudi, mtaa mzima unione. Wewe mwombe mama yako akuonyeshe rangi ipi inafuata ipi, kisha uvae. Anayecheka, msogelee aone vizuri.

Babu yako mdogo,
Lemayian