Kanzu Juu ya Kisanduku cha Joto

Changamwe, Mombasa.
5 Juni 1948.

Mpendwa kaka yangu Mohdhar,

Shikamoo, kaka. U hali gani huko Tanga? Wifi Barke na watoto hawajambo? Kifua chako kimepoa, au bado wakohoa na huku wajidai mzima? Sisi tu hai, alhamdulillahi. Zaidi ya hapo sina la kukupamba.

Mvua ya mwaka huu haina adabu. Muhogo umeoza shambani, paa linavuja mpaka juu ya kitanda, na nguo zakaa kambani hata zikanuka uvundo.

Kaka, Kalama amekufa. Yule Kalama wa Rabai aliyekuwa akipaka magari rangi pamoja na mume wangu Khatibu, aliyekushikia ngazi ulipokuja kutia kile kisanduku cha joto ukutani mwa gereji. Gereji ilishika moto Ijumaa moja ya mwezi uliopita, naye akafia ndani. Amezikwa kwao. Mamake, Jumwa, hakulia. Alikaa tu akitutazama mikono.

Khatibu alikuwa nje kisimani, akikoga josho la Ijumaa. Mlango aliufunga ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Kalama alipoona moshi alidhani mwenzake yumo ndani anabadili nguo, akaingia akimwita. Khatibu alikuja mbio na ndoo yake, lakini wapi!

Sasa mume wangu halali, wala hali ila uji kidogo. Ameshika neno moja tu: kisanduku cha Mohdhar. Anakulaani, kaka, wewe na mkono wako. Asema kazi ya kisanduku ni kuizima hita ya kukaushia rangi, chumba kikipata joto la kutosha, nawe ulikitia vibaya, ndiyo hita ikawaka mfululizo mpaka rangi ikashika moto. Aapa, "Wallahi sikukigusa hata kwa kidole! Mohdhar alinikataza, nami nikatii." Tajiri wake naye asema hivyo hivyo, na huku kwetu jina lako limekwisha haribika.

Na kweli hakukigusa. Alitundika kanzu tu. Niliifua Alhamisi, mvua haikuiacha ikauke, akaenda nayo kazini ikiwa mbichi. Karibu na hita ingeungua, karibu na magari ingepata rangi. Akaona kisanduku kimetokeza ukutani, safi, akaitundika pale apate kuivaa msikitini.

Fundi aliyetumwa kuchunguza alikuja hapa nyumbani na kisanduku chenyewe, kitambaa kimegandia juu yake. Akanieleza kwamba kikifunikwa nguo mbichi hakisikii ila baridi, basi huiacha hita iwake tu, chumba kiive. Akaniuliza kama naijua nguo ile. Shingoni ilisalia darizi, kaka, darizi ya mkono wangu. Nikasema siijui. Ya Rabi, nisamehe.

Nifanye nini mimi? Nikimwambia Khatibu, atajua ni kanzu yake iliyomuua Kalama, na Kalama aliingia kwa ajili yake. Namjua mume wangu. Atageukia ukuta afe. Nikinyamaza, nakuzika wewe u hai. Nimelia hata machozi yamenikauka, na njia ya tatu siioni.

Basi nakuomba jambo ambalo ndugu hamwombi nduguye. Akikuandikia matusi, usijitetee. Mwombe radhi, useme mkono wako ulikosea. Kukuchukia wewe ndiko kunakomfanya ainue kikombe cha uji.

Nisalimie wifi Barke, na Bi Dhahabu, na watoto mmoja mmoja. Mola awaepushe na kila shari, na akulipe wewe nisichoweza kukulipa mimi.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilimtolea Khatibu kanzu nyingine, kavu, akaitazama asiivae. Akaniuliza, "Ile yenye darizi yako, haikusalia hata kipande?"

Nikamwambia haikusalia.

Nduguyo akupendaye na akudhulumuye,
Mwanasiti