Kitanda kimoja, wasichana watano

Jumamosi, Korogwe. Joto tangu asubuhi, na mawingu yamekaa juu ya milima kama wageni wasiotaka kuaga. Nimefua, nimepika, nimebishana na redio. Sasa naandika kwa sababu nina hasira, na safari hii sina hakika nimemkasirikia nani.

Nianze na kitanda.

Hosteli ya wasichana ya shule ninayofundisha ilibakiwa na nafasi moja. Wasichana watano wa Kidato cha Nne waliiomba. Mkuu wa shule wetu ni mtu anayeogopa lawama kuliko anavyoogopa Mungu, kwa hiyo akaamua ipigwe kura: karatasi tano ndani ya boksi la chaki, moja ina alama, nne tupu. Ijumaa, ofisini kwake, kwa mpangilio wa alfabeti.

Zaina akawa wa mwisho. Ukiitwa Zaina, alfabeti haijawahi kukufanyia hisani.

Zaina anaishi na mama yake kwenye kambi ya mkonge, upande wa Ngombezi. Anatoka nyumbani giza halijaisha na anapita peke yake katikati ya mkonge. Mama yake ameshatoa neno: hosteli, au shule basi. Simlaumu. Mimi mwenyewe nisingempitisha mwanangu pale.

Jumanne Zaina alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo madam. Naomba unisemee kwa Mkuu niwe wa kwanza kutoa karatasi. Nikiwa wa tano nitakuta kitanda kimeshachukuliwa."

Nilimwelewa. Nimekulia Handeni, kwenye foleni za maji. Kule wa mwisho hurudi na ndoo tupu, na hakuna mwalimu wa hisabati atakayekushawishi vinginevyo. Lakini kura si foleni. Nikaona hapa kuna somo, tena somo lenye watu ndani yake.

Jumatano nikaingia darasani na soksi. Ndani niliweka maharage manne meupe na moja jekundu. Mwalimu Kaniki, anayefundisha Uraia na utani, aliniona koridoni. "Madam, leo unafundisha au unabandika maharage?"

Nilianza kwa Kiingereza, kama wanavyotaka wakubwa. Nikatamka lile neno refu la kitabuni. Watoto arobaini na kitu wakanitazama kama ng'ombe wanaotazama treni. Nimeshaandika humu bloguni mara nyingi kuhusu upumbavu wa kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoitumia ndotoni, na nimetukanwa vya kutosha, leo sirudii. Nikahamia Kiswahili. Uwezekano. Nyuso zikawaka.

Mchezo ni huu. Watu watano wanachota harage moja moja bila kuchungulia wala kurudisha. Mwenye jekundu kashinda. Tunaandika ubaoni alikuwa wa ngapi, tunarudisha yote, tunaanza upya. Kila kundi lilicheza mpaka mikono ikanuka soksi.

Tulipojumlisha, wa tano alikuwa amewazidi wenzake kidogo.

"Basi wa mwisho ndiyo mtamu!" akapiga kelele Hamisi wa dawati la nyuma. "Madam, na mimi niite Zaina!"

Darasa likacheka. Nikawaambia wacheze tena. Safari ya pili akaongoza wa tatu. Tukaendelea, na kadiri tulivyocheza, zile tofauti zikazidi kukosa maana. Ndipo nikawauliza: wa tano anakuta kitanda kimechukuliwa pale tu wenzake walipokichukua, lakini wakitoa tupu wote wanne, nani anabaki nacho? Wakaliona wenyewe. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KILA MMOJA, MOJA KATI YA TANO. NAFASI SAWA KWA WOTE.

Lilikuwa somo zuri. Nasema hivyo bila aibu. Zaina aliitikia kwa kichwa, akaacha kuomba namba ya kwanza.

Jana kura ikapigwa. Neema, wa nne, akatoa yenye alama. Neema ni binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kutoka kwao hadi shuleni unasikia kengele. Zaina akabaki na karatasi ya mwisho, akaifungua hata hivyo.

Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio.

"Hesabu imekubali, madam," akasema. "Sote tulikuwa na moja kati ya tano." Akampa Neema mkono. Akaenda kuchukua begi lake.

Sijawahi kufundisha mada ikaeleweka vizuri namna ile, na sijawahi kujisikia vibaya namna ile.

Maana msichana aliyekuja mlangoni kwangu kupigania kitanda nimemrudisha akiwa ameridhika kukikosa. Swali lilikuwa nani anakihitaji. Mimi nikalijibu jingine, nani atatangulia, nikalijibu kwa ufasaha mpaka lile la kwanza likasahaulika.

Nikaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nikamwambia huwezi kumweka kwenye boksi moja anayepita mkongeni gizani na anayesikia kengele akiwa kitandani kwao, ukaita hiyo haki.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. "Madam, ubao wa Kidato cha Nne haujafutwa," akasema. "Nafasi sawa kwa wote. Si mwandiko wako ule?"

"Nafasi ni sawa. Shida zao siyo."

"Basi ungeandika na hilo."

Nilitoka ofisini kwake, nikatoa simu.

Kumnyang'anya Neema siwezi, hakuiba. Nikampigia simu mama yake Zaina, nikamweleza kuwa nina chumba cha pili na godoro, na kutoka kwangu hadi shuleni ni barabara ya lami yenye watu. Nikaanza na habari za kura. Akanikatiza.

"Mwalimu, hayo ya kura mimi siyajui. Kwako atakuwa anafika kabla ya giza?"

"Atafika, mama."

"Basi akae. Ila jikoni afanye kazi, usimdekeze."

Atahamia kesho mchana.

Wasichana wengine watatu nao walitoa tupu, na godoro langu ni moja. Nimemchagua Zaina bila kura, peke yangu, kama dikteta. Jumatatu mmoja wao atauliza kwa nini yeye. Nitajibu: kwa sababu yeye anapita gizani na wewe hupiti. Ofisi ilikuwa na jibu hilo tangu mwanzo, ikakosa tu ujasiri wa kulitamka.

Na akiniambia kuwa naye anapita gizani, itabidi nitafute godoro la pili, kisha nirudi kwa Mkuu.