Mama mukwe anakaa kiti ya mbele na hasemi na miye

Mpendwa mshauri, Mama Emilienne wetu wa redio, naomba msaada, na unisaidie mbio, maana mambo imenifika kwenye shingo.

Miye ni Gauthier, mutu ya Likasi, niko na miaka mbili hapa Kashikishi, nauzisha samaki ya kukauka, na nilioa hapa hapa, bibi yangu ni Ireen, binti wa kijiji cha Puta, siko na shida naye hata kidogo. Shida ni motoka. Nilikuja nayo toka kwetu Congo, volan yake, ule usukani, iko kushoto, na huku Zambia batu banatembeza kushoto ya barabara, kwa hiyo miye nakaa upande wa majani, mbuzi na mihogo ya batu naona vizuri sana, lakini kama lori iko mbele yangu, mwenye kuona njia ni ule anakaa kuume. Zamani alikuwa Ireen. Akisema «Enda!» naenda, akisema «Ngoja!» nangoja, tuliishi hivyo bila hata mukwaruzo.

Sasa mama yake Ireen alijikata mguu na jembe, na kila Jumanne lazima nimutoe Puta nimulete hospitali bamubadilishie bandeji. Kiti ya abiria iko moja tu, ya mbele, maana ya nyuma niliitoa juu ya kupata nafasi ya samaki, na sikuitupa, Mama, njo fauteuil, kiti kubwa ya saloni yetu. Alors mama mukwe anakaa mbele. Lakini kwa desturi ya huku yeye hawezi kusema na miye, na miye hata kumuangalia siwezi, anageukia mulango, anajifunika kitenge mpaka kichwa, na yeye njo macho yangu!

Jumanne ya kwanza tulifuata lori ya mihogo polepole mpaka tukakuta nesi anafunga mulango. Jumanne ya pili nikasema hapana, leo nitapita, nikatoa pua ya motoka kidogo, mama mukwe akaona basi inakuja, akaanza kusema na dirisha. Dirisha, Mama! «We dirisha, kama unaweza, ambia mwenye motoka, kwa heshima yote, inaonekana kule mbele kuna kitu kikubwa...» Mbele ya kumaliza heshima, basi ilishafika, nikatupa motoka kwenye mufereji, hasira ikanishika, nikamupigia kelele uso kwa uso: «Mama, weye uko bubu?»

Alishuka. Alienda kwa mguu, ule ule mugonjwa. Tangu siku ile hapandi tena, Jumanne ingine imepita, mguu umevimba, nesi alimwambia Ireen kidonda kikiendelea hivi batakata, na Ireen anasema mama akipoteza mguu, nirudi Likasi na motoka yangu. Pitchou, fundi wetu wa motoka, mukongo kama miye, anasema anaweza kuhamisha volan aweke kuume. Nimuachie ahamishe, ao niuzishe motoka?

Na kitu kidogo, sijui kama inahusu: mwaka jana bamama batano balikuja kwetu na vyungu kichwani, banaimba, miye niko chini ya motoka na Pitchou, nikazani ni bamama ba kuuzisha chakula na wimbo ni matangazo, nikauliza «Ngapi?» Balikata wimbo, baliweka vyungu chini, bakaenda. Tulikula na Pitchou, ilikuwa tamu. Ireen alilia siku tatu, akasema ni desturi, nikamwambia chakula ni chakula.

Gauthier, Kashikishi

*

Gauthier mwanangu,

«Kitu kidogo»! Nilipofika kwenye vyungu nilivua miwani. Umeandika volan, volan, motoka, motoka, na ugonjwa wenyewe umeuficha chini ya barua kama mutoto aliyevunja sahani.

Bamama bale hawakuwa bauzishaji. Balikuwa mashangazi ya bibi yako, na balikuja kukuingiza kwenye jamaa, huku banaita ukwingisha. Kila chungu kingefunuliwa mbele yako na maneno yake, na tangu siku ile mama mukwe angeweza kukusalimia, kula na wewe, kukuambia «basi inakuja!» bila kupitia dirisha. Wewe ukauliza bei! Mama wa batu anashika desturi ambayo wewe mwenyewe ulikataa kumufungulia, halafu unamuita bubu. Aibu, Gauthier, aibu.

Siko nakuchukia. Miye pia nilivuka ziwa toka Kilwa ya kule Congo, na nilikosea mambo mengi. Mugeni anakosea, ni kweli. Lakini mugeni anauliza, na bibi yako alikuwa tayari kukujibu.

Pitchou asiguse volan. Mutu aliyekula vyungu ya ukwingisha bila kuuliza vimetoka wapi, utamuachia volan?

Leo, si kesho, toa ile fauteuil kwenye saloni, uifunge nyuma ndani ya motoka na bulo na nati zake zote. Bageni bako bakae kwenye mukeka. Usiende Puta mwenyewe na maneno matamu, utamukosea tena. Tafuta mzee ule aliyekwenda kukuombea uchumba wa Ireen, umupe kuku muzima, aende akaombe radhi, na aseme kwamba mashangazi banaweza kurudi siku banapenda, utabakuta umeoga, umevaa shati. Jumanne Ireen anakaa mbele, mama nyuma na mguu wake umenyoshwa, na samaki yako itangoja. Mama akikataa motoka yako, omba ya jirani, Ireen amupeleke. Kidonda hakingoji radhi.

Na siku batakuingiza kweli, jitayarishe. Mama yule ana maneno ya miaka miwili kwenye kifua. Atakugombeza toka Puta mpaka Kashikishi: mbio gani hii, breki gani hii, shati gani hii! Usijibu. Endesha polepole ili amalize. Batu habagombezi mugeni.

Mama Emilienne