Mgonjwa Niliyemsikiliza kwa Mdomo wa Mumewe

Tarime, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kahawa, mmemaliza kuchuma au bado mnahangaika na vibarua? Mimi mwili ni mzima, hata ugali wa muhogo wa huku nimeuzoea. Moyo ndio si mzima, na wewe ndiye ninayeweza kumwambia.

Unajua Kikurya changu hakivuki salamu. Mwezi uliopita mwanamume alimleta mkewe hapa kituo cha afya, mkono umevimba, jicho halifunguki. Yule mama Kiswahili hajui. Nikamuuliza ameumiaje, akajibu kwa kirefu, huku analia. Mume akanitafsiria, "Anasema ameteleza mtoni, nesi." Maneno yote yale yakawa kuteleza tu. Nikaandika kwenye faili: ameanguka. Nikamfunga mkono, nikampa dawa za maumivu, nikamsifu mume kwa kumjali mkewe. Mama, nilimsifu.

Walipoondoka, Bhoke anayefanya usafi hapa alikuwa bado ameshika fagio. "Nesi, huyo mama hajasema mto. Amesema huyu mwanaume atamuua, usimrudishe naye."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. "Wewe ulikuwa unaongea na mume. Mimi ni wa kufagia, ningeingiliaje?"

Semina ya ukatili nilihudhuria, najua mume hutolewa nje kwanza. Lakini foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mkalimani wa bure. Tangu siku ile naona aibu hata kunywa chai na Bhoke.

Jumatano wakarudi, safari hii mbavu. Nikamtuma mume dirisha la kadi, nikafunga mlango, nikamwita Bhoke. Nikauliza kwa upole wote nilio nao, nani amekupiga? Yule mama akasema maneno machache. Bhoke akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasema alishakuambia."

Nimemlaza, afisa ustawi wa jamii ameitwa, na fomu ya polisi nimeijaza kwa maneno yake mwenyewe. Nikiingia na dawa anazipokea, halafu anageukia ukutani. Simlaumu.

Nisalimie baba mdogo, na dada na wanawe. Najua kila mkikutana kwenye jumuiya unawatangazia wenzako kwamba mwanao ni nesi. Kwa sasa, mama, nyamaza kidogo.

Mwanao,
Restituta