Buibui Asiyehama

Shangazi yangu,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila viatu vimekwisha kwa kupanda mawe. Na buibui si mdudu, ana miguu minane, nimekwambia mara ngapi!

Kuna mmoja anaishi kwenye jabali moja tu, kwingine kote hayupo. Kizazi kwa kizazi amebadilika hapo hapo, mpaka amekuwa na rangi ya lile jiwe. Sasa watu wa kampuni moja wanataka kulipasua wapate kokoto. Mkuu wangu wa kazi akaniambia niseme kwenye ripoti kwamba pale hakuna kiumbe wa kulindwa. Nikamwambia sisemi. Kwa hiyo usinipigie simu ya ofisini, sipo tena huko. Baba usimwambie; ataanza na mbachao wake na msala upitao.

Ukimchokoza buibui huyu kwa jani hakimbii. Anainua miguu ya mbele, anakungoja. Nikakumbuka ulipofiwa, shemeji zako wakaja kukutoa nyumbani, ukasimama mlangoni na mwiko.

Anayemgundua ndiye anayempa jina. Nimempa lako.

Kesho nahamia jabalini. Waje na baruti zao, watanikuta na mwiko wangu.

Mimi mwanao, mkaidi kama wewe.