Baba Asiinuke Tarumbeta Ikilia

Atoo,

Chai iko kwenye chupa. Mimi nimeenda dukani Kansanga. Baba yako asiinuke.

Jana walimzibua mshipa wa mguu kwa kupitia kwenye paja, na jioni wakamrudisha nyumbani. Eti ni salama! Salama gani, na hajalala hospitali hata usiku mmoja? Asubuhi tarumbeta ya kambi ya jeshi imelia, nikamkuta kasimama wima kando ya kitanda. Kastaafu uaskari zamani huyo!

Damu ikitoka kwenye bandeji, bonyeza hapo kwa nguvu, upige simu hospitali.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Sisemi narudi lini, akijua atapanga safari yake.

Alipolala tena niliugusa ule mguu. Miaka yote ulikuwa baridi, akitembea kidogo tu unamuuma. Leo una joto. Ndiyo maana buti zake nimezificha.

Mama